Setilaiti Haitamfikisha Mhudumu Mlangoni Pako

Siku hizi mtu akizidiwa nyumbani usiku, jamaa zake huita ambulensi, kisha humtumia dereva alama ya mahali walipo kwenye ramani ya simu. Wakishafanya hivyo, huketi na kungoja wakiamini kazi imekwisha. Kwa maoni yangu, imani hiyo ni ya hatari na huenda ikampotezea mgonjwa maisha.

Hebu tuangalie jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Setilaiti za mfumo wa GPS wa Marekani huzunguka dunia zikiwa kilomita 20,200 hivi juu yetu. Simu hupokea mawimbi ya angalau setilaiti 4, hupima muda yaliochukua kufika, na kwa hesabu hiyo hujua mahali ilipo. Hadi Mei 2000 serikali ya Marekani iliyavuruga makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufika mita 100. Leo simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hukosea kwa mita 5 hivi.

Lakini mgonjwa halali mahali pa wazi. Mawimbi hayo yakifika ardhini huwa dhaifu mno, na mabati na saruji huyazuia. Penye majumba marefu, hugonga kuta kwanza, yakaifikia simu yakiwa yamechelewa, nayo ikakosea hesabu. Sisi tulio karibu na ikweta tuna taabu nyingine: tabaka la juu la anga huvurugika baada ya jua kutua, na mawimbi yakayumba.

Kosa la mita 20 katika shamba la chai si kitu. Huko Mathare au Kibera, mita 20 ni milango mingi na vichochoro kadhaa. Na hata alama ikiwa sahihi, ramani haimwelezi dereva kama uko ghorofa ya kwanza au ya sita, wala lango lipi limefungwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hana dakika za kupoteza huku wahudumu wakibisha nyumba za majirani.

Kwa hivyo, msomaji, tuma alama hiyo, lakini usiitegemee peke yake. Kwanza toka nje au sogea dirishani, ungoje kidogo mpaka duara linaloizunguka alama lipungue. Duara kubwa maana yake ni kwamba simu yenyewe haina hakika. Kisha eleza kwa maneno: jina la mtaa, steji iliyo karibu, kanisa au msikiti, rangi ya lango, ghorofa na nambari ya mlango. Mtume mtu mwenye tochi akaipokee ambulensi barabarani, na umwarifu bawabu afungue lango mapema.

Serikali za kaunti nazo zina wajibu. Mtaa usio na majina ya njia wala nambari za nyumba hauwezi kuokolewa na setilaiti hata kama ni mia.

Leo jioni waulize watoto wako na yaya: wakipiga 999 au 112, wataielezaje nyumba yenu? Wakishindwa kujibu, waandikie maelezo hayo kwenye karatasi na uibandike ukutani kabla hamjalala.