MBUZI WA WATOTO ELFU: NI NANI ANAYEMWOGOPA MAMA?

Mpenzi msomaji, huenda jina Shub-Niggurath hujawahi kulisikia, na hata ukilisoma hapa ulimi utakukwama. Usijali. Huyu ni mungu wa kike wa kubuniwa, naye alibuniwa na Mmarekani H. P. Lovecraft (1890-1937), mzaliwa wa mji wa Providence, katika hadithi za kutisha zilizotoka zaidi katika jarida la Weird Tales. Hadithi zenyewe si za majini wala mizimu kama zile tunazosimuliwa usiku stima zikipotea. Kinachotisha humo ni ukubwa wa ulimwengu wenyewe: kwamba huko angani na chini ya bahari kuna viumbe wa kale waliotuzidi kwa kila hali, na ambao hawatujali hata chembe, kama vile wewe usivyomjali sisimizi unapokimbia kuwahi gwaride asubuhi.

Miongoni mwa viumbe hao, Shub-Niggurath ndiye mama. Cheo chake ni Mbuzi Mweusi wa Mwituni Mwenye Watoto Elfu. Chamani tulimjadili sana muhula uliopita na kila mtu akasema yake. Yangu ni haya, tena najua yatawaudhi baadhi yenu: huyu mama si zimwi. Amefanywa zimwi na watu wanaowaogopa watoto wake.

Hebu kwanza tutazame ushahidi. Jambo la ajabu ni kwamba katika hadithi za Lovecraft, Shub-Niggurath haonekani hata siku moja! Anatajwa tu. Jina lake lilitokea mara ya kwanza mwaka 1928 katika "The Last Test", hadithi ambayo Lovecraft alimwandikia upya mtu mwingine kwa malipo. Mwaka 1931, katika "The Whisperer in Darkness", kuna mzee mmoja wa jimbo la Vermont anayekwenda msituni na mtambo wa kunasa sauti, usiku wa kuamkia Mei mosi mwaka 1915. Ananasa sauti mbili zikiomba. Moja ni ya mtu. Ya pili inavuma kama nyuki na si ya mtu hata kidogo. Zote mbili zinamtaja yule Mbuzi. Basi! Mbuzi mwenyewe haji. Hatuambiwi ana pembe ngapi wala amemdhuru nani. Katika barua moja ya mwaka 1936 Lovecraft alisema kwamba mungu huyu anafanana na wingu. Sasa niambie, wingu lina kosa gani?

Yale makwato, midomo na minyiri mnayoona kwenye michoro yaliletwa na wengine baadaye. Katika mchezo wa Call of Cthulhu wa mwaka 1981, watoto wake wamepewa umbo kama la mti wenye kwato. Katika mchezo wa kompyuta wa Quake wa mwaka 1996, yeye mwenyewe ndiye adui wa mwisho. Risasi hazimuui, na mchezaji hana budi kujirusha ndani ya mwili wake kupitia mlango wa miujiza ili ampasue. Wavulana wa darasa letu wanaufurahia mchezo huo kweli kweli. Mimi niliuliza, amewafanya nini? Nikajibiwa, "Si anazaa!"

Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kosa lake ni kuzaa.

Niruhusuni nitoke kando kidogo. Nyumbani tunafuga mbuzi, kwa hivyo hesabu hii naijua. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na akiwa mzuri huzaa pacha. Tuseme apate watoto watatu kwa mwaka. Basi ili afikishe elfu moja atahitaji zaidi ya miaka 330. Kwetu mbuzi wa namna hiyo asingeitwa zimwi, angejengewa banda la mabati! Isitoshe, Kiswahili chetu kina siri ambayo Lovecraft hakuijua. Mbuzi ambaye Wazungu wa kale walimtisha nacho mtu, yule wa shetani na wachawi, alikuwa dume. Na dume la mbuzi kwa Kiswahili ni nani? Beberu. Neno hilohilo tunalomwita mkoloni. Lovecraft alimchukua beberu wa watu akamgeuza jike, na papo hapo kinachotisha kikahama kutoka pembeni kikaenda tumboni.

Kwa nini tumboni? Jibu sikulipata kwa Shub-Niggurath, nililipata kwa maisha ya mwandishi. Kuanzia mwaka 1924 hadi 1926 Lovecraft aliishi New York, mji uliokuwa umejaa wahamiaji wa kila rangi na lugha, naye aliwachukia ajabu. Mwaka huohuo wa 1924 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kupunguza wahamiaji wa kutoka kusini na mashariki ya Ulaya, na kuwafungia mlango Waasia wengi. Kwa hivyo hakuwa peke yake, nchi nzima ilikuwa ikihesabu watoto wa wengine kwa wasiwasi. Mwaka 1925 akaandika "The Horror at Red Hook", hadithi ya mtaa wa wahamiaji ambao chini ya nyumba zao kunafanyika ibada za siri. Na huko chini anaabudiwa nani? Lilith, yule ambaye katika masimulizi ya Kiyahudi ni mama wa mapepo. Mnaona? Kabla hajamtaja Shub-Niggurath alikwisha kumweka mama wa kutisha chini ya nyumba za watu maskini wageni. Watoto elfu wa msituni si wa mbuzi. Ni watoto waliokuwa wakicheza nje ya dirisha lake.

Halafu kuna hilo jina. Wengine husema alilipata kwa Lord Dunsany, aliyemtaja mungu aitwaye Sheol Nugganoth katika hadithi ya mwaka 1910. Yawezekana. Lakini mimi ni msichana mweusi, na masikio yangu yanasikia ndani yake tusi ambalo Wamarekani weupe waliwatukania Weusi. Lovecraft alilijua tusi hilo vizuri, kwani paka wake wa utotoni aliitwa vivyo hivyo. Mbuzi, tena Mweusi, tena wa Mwituni, tena mwenye kuzaa sana. Hata asiyejua kusoma angeng'amua anasemwa nani.

Mwenzetu mmoja ameshauri vitabu hivi visiingie shuleni kwa sababu ati ni vya kuabudu shetani. Huyo namjibu kwa heshima: Lovecraft hakumwamini mungu yeyote, wala hao wake. Hata kile kitabu cha uchawi cha Necronomicon ni cha kubuni, usipoteze nauli kukitafuta. Mwingine anasema tusome tu tuburudike, tusichimbechimbe. Huyo simwelewi kabisa. Nnedi Okorafor, mwandishi ambaye wazazi wake ni Wanigeria, alishinda tuzo ya World Fantasy mwaka 2011, na zawadi yenyewe ilikuwa sanamu ya kichwa cha Lovecraft. Hebu fikiria kuweka kichwa cha mtu aliyekudharau juu ya kabati lako! Aliandika waziwazi jinsi jambo hilo lilivyomkwaza, wengine nao wakapaza sauti, na mwaka 2015 waandalizi wakatangaza kuiacha sanamu hiyo. Asingesoma na kuchimba, angesema nini?

Nami nachimba kwa sababu ya jambo lililo karibu zaidi. Sisi wa shule za kutwa hupita njiani kila jioni na husikia mengi. Nimesikia kwenye foleni ya maji, na kwenye matatu, watu wazima wakisema kuhusu kabila la pili, "Wale wanazaana kama panya." Hucheka. Hakuna anayeshtuka. Mama anayesemwa huenda yuko papo hapo na mtoto mgongoni, amenyamaza. Tofauti ya maneno hayo na Mbuzi wa Watoto Elfu ni ipi? Mimi naona ni mnyama tu aliyebadilishwa.

Kunyamaza huko kumo vitabuni pia. Katika "The Dunwich Horror" ya mwaka 1929 kuna mwanamke aitwaye Lavinia, aliyezalishwa na kiumbe wa angani kwa mpango wa baba yake mzazi. Wasomaji wote hukumbuka yale mapacha ya kutisha. Lavinia je? Maneno yake ni machache mno. Anamwambia jirani kwamba anamwogopa mwanawe mwenyewe, kisha mwaka 1926 anatoweka na hakuna anayejisumbua kumtafuta. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lovecraft aliandika juu ya kuzaa tu. Katika watoto wote wale elfu, hakuna hata mmoja tunayeonyeshwa akinyonyeshwa.

Lakini kuna hadithi moja inayoniunga mkono, nayo imetoka katika kalamu yake mwenyewe. Ni "Out of the Aeons" ya mwaka 1935, aliyomwandikia Hazel Heald. Katika nchi ya kale ya Mu watu wanatawaliwa kwa hofu na Ghatanothoa, zimwi la mlimani ambalo ukiliona unageuka jiwe huku akili ikiwa hai ndani. Kuhani wa Shub-Niggurath, T'yog, anaamini kwamba Mama huyu na wanawe wako upande wa binadamu. Kwa imani hiyo anaandika hati ya kinga na kuupanda mlima peke yake. Anashindwa. Kwa nini? Makuhani wa lile zimwi, kwa kuogopa kupoteza vyeo vyao, wameiiba hati yake akiwa usingizini na kumwekea nyingine ya bandia. Soma uone: Mama hakumwangusha mtu yeyote hapo.

Nakala chamani tunayo moja tu, na majalada yake yameanza kulegea. Atakayeipata aanze na hadithi hiyo kabla ya zile nyingine, halafu aje tubishane.