Neno la Mhariri: Sampuli ya Mtoto wa Isiolo

Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha makala kuhusu uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Uganda kwa kasi ya kutisha. Aliuita sakoma, yaani saratani ya tishu kama misuli na mifupa. Muda si mrefu wanapatholojia Gregory O'Conor na Jack Davies wakaonyesha kwamba ilikuwa limfoma, saratani ya chembe za kinga ya mwili. Tofauti hiyo ilihusu uhai wa watoto: kisu kilishindwa kuutibu uvimbe ule, lakini dawa za kemo ziliuyeyusha, na baadhi ya watoto waliodhaniwa kuwa hawana siku nyingi wakapona.

Toleo hili linahusu sakoma zenyewe, zile za tishu laini za watoto, na hoja yake imo katika kisa hicho cha Mulago. Daktari asiyejua hasa ni uvimbe gani alio nao mbele yake hawezi kusema mtoto ataishi au la, wala hawezi kupima kiasi cha dawa anachostahili.

Sakoma iliyoenea zaidi kati ya hizi ni rabdomayosakoma, inayotokana na seli zilizokuwa njiani kuwa misuli zisikomae. Hutokea kwenye tundu la jicho, kooni, kwenye kibofu, mkononi au mguuni. Kwa miaka mingi madaktari waliigawa kwa kutazama kwa darubini tu: aina ya kiembrio, yenye matumaini zaidi, na aina ya alveoli, iliyo kali. Kisha ikajulikana kwamba katika nyingi za aina hii ya pili, kipande cha kromosomu ya 2 au ya 1 hukatika na kuungana na cha kromosomu ya 13. Jeni ya PAX3 au PAX7 hushikana na FOXO1, na protini inayozaliwa hapo huiamuru seli izidi kugawanyika. Takriban mtoto mmoja kati ya watano waliopewa jina la alveoli hana muungano huo. Mwaka 2010 watafiti wa Ulaya walionyesha kwamba ugonjwa wa watoto hawa hufuata mwendo wa ule wa kiembrio. Kwa hiyo kuna watoto waliokuwa wakipewa matibabu makali kupita mahitaji yao kwa sababu ya sura ya seli.

Mfugaji wa Merti, hapa Isiolo, hamtambui ngamia wake kwa rangi ya manyoya pekee, hutafuta chapa. Kiashiria cha kimolekuli ni chapa ya uvimbe.

Chapa zenyewe zinaongezeka. Mwaka 2021 watafiti walichapisha uchambuzi wa jeni za watoto 641 wenye rabdomayosakoma. Miongoni mwa wasio na muungano wa FOXO1, wale wenye hitilafu kwenye jeni ya MYOD1, ingawa ni wachache sana, walikuwa na mwisho mbaya, na hitilafu ya TP53 nayo ilikuwa ishara ya hatari. Jeni hiyo ya TP53 ina uzito wa ziada, kwani mtoto anaweza kuwa ameirithi ikiwa na kasoro, na hapo ndugu na wazazi wake pia wanahitaji kuchunguzwa. Kuna pia sakoma ya watoto wachanga inayobeba muungano wa ETV6 na NTRK3. Tangu Novemba 2018 Marekani imeidhinisha dawa ya larotrectinib inayoulenga muungano wa aina hiyo, na mtoto ambaye zamani angekatwa mguu ana njia nyingine. Bei ya dawa hiyo ni mzigo mkubwa mno kwa familia za huku, na jarida hili halitaacha kulisema hilo.

Wako watakaouliza, na wana haki: mbona jeni, ilhali mtoto wa Garba Tulla au Oldonyiro hufika hospitali uvimbe umeshakomaa? Utafiti kuhusu uvimbe wa Wilms, saratani ya figo ya watoto, nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2013, uligundua kwamba karibu nusu ya watoto walipotea katika ufuatiliaji. Tafiti za Eldoret nazo zimeonyesha kwamba watoto wenye bima hupata matokeo bora. Nauli, bima na imani ya mzazi ndivyo vinavyotangulia. Lakini mtoto aliyefika, akavumilia kisu cha kuchukua kipande cha nyama, akasafirishwa kilomita takriban 285 hadi Nairobi, hastahili kuambiwa huko kwamba sampuli yake haisomeki.

Na hilo huamuliwa Isiolo, saa ya kwanza. Nyama ikicheleweshwa katika joto kabla ya kutiwa dawa ya kuihifadhi, ikitiwa katika fomalini isiyo na bafa (kemikali ya kudhibiti asidi), au ikiachwa humo siku nyingi, RNA inayobeba habari za muungano huvunjikavunjika. Kinachotakiwa hakina gharama ya kutisha: fomalini ya asilimia 10 yenye bafa, mara kumi ya ujazo wa nyama, saa ya kuchukuliwa iandikwe kwenye kichupa, na sampuli iondoke ndani ya siku moja au mbili. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Katika nchi zenye sajili nzuri, saratani hizi huwapata takriban watoto kumi kati ya kila watoto milioni moja kwa mwaka. Isiolo basi, wakihesabiwa watoto wake pekee, inaweza kutarajia mtoto mmoja hivi kwa mwaka, na ndiyo sababu maelekezo lazima yabandikwe ukutani: hakuna muuguzi atakayeyakumbuka kwa mazoea.

Baada ya hapo, si lazima kila kipimo kiwe cha bei ya juu. Rangi za kingamwili za desmini na mayojenini huthibitisha kwamba uvimbe ni wa jamii ya misuli, na rangi ya AP2-beta huashiria muungano wa FOXO1 pale ambapo kipimo cha jeni chenyewe hakipatikani. Wala sayansi ya jeni si ngeni katika hospitali za kaunti. Mashine za GeneXpert zimewazoesha wahudumu wa maabara kusoma jeni za kifua kikuu.

Liko pia deni. Virusi vya Epstein-Barr viligunduliwa London mwaka 1964 katika seli za uvimbe ule wa Burkitt zilizopelekwa kwa ndege kutoka Uganda. Dunia nzima imefaidika na watoto wale. Hata hivyo wale 641 wa mwaka 2021 walitoka katika majaribio ya Marekani na Uingereza, na hakuna anayeweza kuapa kwamba takwimu zao zinamfaa mtoto wa Kiborana au Kiturkana kwa usawa. Vipande vya nyama vya watoto wetu vikihifadhiwa vizuri, kwa ridhaa ya wazazi na kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, swali hilo litajibiwa hapa.

Mzazi anayeona uvimbe usiopungua kwa majuma kadhaa, hata kama hauumi, asingoje. Ampeleke mtoto akachunguzwe. Nao wakuu wa afya wa Isiolo waweke katika bajeti ijayo fungu la fomalini yenye bafa, vichupa, na nauli ya sampuli hadi maabara.