Ua la Kikanda

Katika Katanga na Zambia watu wengi wanapenda kula kikanda. Mama hukausha viazi vidogo vya porini, huvitwanga, huchanganya unga wake na unga wa karanga, chumvi na pilipili, kisha hupika mpaka unakuwa mgumu kama mkate. Sokoni hukatwa vipande, na watoto hawakawii kuvimaliza. Lakini wengi wao hawajui kwamba kiazi kile ni cha ua, na ua lenyewe ni zuri kupita waridi la bustani ya misioni.

Ua hilo, jina lake okidi, huota katika mabonde yenye majani na maji. Wakati wa mvua hutoa shina na maua. Wakati wa kiangazi shina hukauka, moto wa pori hupita juu, na kiazi hulala salama chini ya udongo. Kila mwaka kiazi cha zamani hunyauka, kwa kuwa kimelisha ua, na kando yake hukua kipya cha mwaka ujao. Basi, mchimbaji hutaka kile kipya, maana ndicho kigumu. Akikitwaa, okidi ile imekwisha.

Wengine husema: «Si neno, mbegu zitaota.» Hawasemi kweli. Mbegu za okidi ni ndogo kama vumbi, wala hazina chakula ndani kama punje ya mahindi. Haziwezi kuota pasipo kuvu ndogo ya udongoni inayozilisha. Kwa hiyo ni kazi bure kuzipanda nyuma ya nyumba kama maharagwe. Tena wachimbaji huja mara nyingi kabla mbegu hazijakomaa.

Viazi vikiisha bonde moja, wachuuzi huenda mbali zaidi. Wale wa Zambia walinunua hata viazi vya uwanda wa Kitulo, katika Tanzania. Mwaka 2005 serikali ya huko iliufanya uwanda huo hifadhi ya taifa.

Si haki kumkataza mama kuuza kikanda, kwa maana fedha ile hununua chumvi na madaftari. Lakini akivichukua vyote, mwakani binti yake atatembea mpaka bonde la mbali, na huenda asipate kitu. Okidi hutunzwa palepale ilipoota. Bonde lisilimwe. Mchimbaji akichukua kiazi kimoja, aache mimea miwili mitatu imesimama mpaka maganda yake yapasuke na upepo uchukue mbegu. Shimo nalo alifunike kwa udongo uleule, kwa maana kuvu imo humo.