Majalada ya Singida Yangoja Mikono

Chuo cha Utumishi wa Umma kina tawi lake katika mji wa Singida, na miongoni mwa vijana wanaosoma hapo wamo wanaofundishwa utunzaji wa kumbukumbu na nyaraka, yaani ile kazi ambayo wananchi huijua kwa jina la masjala. Katika mji huo huo zipo ofisi za mkoa na za wilaya, zipo halmashauri, ipo mahakama, ipo maktaba ya mkoa, na yapo makanisa yenye daftari za ubatizo na ndoa za miaka mingi. Vijana wanajifunza namna ya kutunza karatasi, na karatasi zenyewe zimelala mwendo mfupi kutoka darasani kwao. Lakini hukutana nazo kwa majuma machache tu, wakati wa mafunzo kwa vitendo, kisha huagana nazo.

Kwa maoni yetu utaratibu huo hautoshi. Twapendekeza wanafunzi hao wapewe kazi ya muda, tuseme siku mbili kwa juma kwa mwaka mzima wa masomo, katika masjala na maktaba za mkoa wao, chini ya mtu mwenye ujuzi, na walipwe.

Mtu ambaye hajapata kuifanya kazi hii hudhani kwamba kupanga majalada ni kufuta vumbi na kuyaweka kwenye rafu. Sivyo hata kidogo. Sheria ya kwanza ya wenye kazi hiyo ni kwamba karatasi za ofisi moja hazichanganywi na za ofisi nyingine, na utaratibu uliowekwa na karani wa zamani hauvunjwi kabla haujafahamika. Yampasa kijana aketi kwanza, asome, ajue nani alimwandikia nani, kwa nini jalada hili lina namba hii, na kwa nini jalada la pili lilifunguliwa kabla la kwanza halijajaa. Ndipo aanze kung'oa pini zilizoshika kutu, kuandika orodha, kutia namba na kufunga katika maboksi. Katika majuma manane kijana huyo atakuwa ndiyo kwanza ameanza kuizoea miandiko ya makarani, na siku anapoanza kufaa ndiyo siku anayoaga. Mwaka ujao huja mwingine akaanzia pale pale. Ofisi haipati kitu, na kijana hubaki na barua ya kuthibitisha kwamba alihudhuria.

Siku mbili kwa juma kwa mwaka mzima si jambo kubwa kwa mwanafunzi. Lakini mkononi mwake kitabaki chumba kizima kilichopangwa, naye ataweza kumwonyesha mwajiri orodha aliyoiandika mwenyewe.

Huenda msomaji akauliza ni karatasi gani hizo za Singida zinazostahili taabu yote hiyo. Na tumjibu kwa kirefu, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Mkoa wa Singida ulianzishwa mwaka 1963. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa sehemu ya Jimbo la Kati ambalo makao yake yalikuwa Dodoma. Na kabla Singida haijawa mji wa maana, Wajerumani walikuwa na boma lao Mkalama. Kwa hiyo karatasi za watu wa Singida zimetawanyika: nyingine zilibaki wilayani, nyingine zilikwenda Dodoma, na nyingine zimo katika hazina ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa huko Upanga, Dar es Salaam, karibu kilomita 700 kutoka hapa. Majalada ya Kijerumani yaliyomo katika hazina hiyo yaliingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia, na baadhi yake yaliwahi kufukiwa ardhini Tabora wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, yakachimbuliwa baadaye. Wale waliokuwa wakikimbia na bunduki walijua thamani ya karatasi kiasi cha kuzichimbia shimo. Sisi tusio na vita twaziachia mchwa.

Tuchukue reli. Ni vijana wangapi wa Iramba leo wanaojua kwamba katika miaka ya 1930 garimoshi lilitoka Manyoni, likapita Singida, likafika hadi Kinyangiri, na kwamba njia hiyo iling'olewa katika miaka ya 1940? Waliifanyia hesabu gani walipoijenga, na hesabu gani walipoing'oa? Mkulima wa Singida anayetafuta njia ya kuuza alizeti na vitunguu vyake anayo haki ya kujua. Tuchukue pia Sekenke, ambako dhahabu iligunduliwa mwaka 1909 na kukafunguliwa mgodi wa mwanzo kabisa wa dhahabu nchini. Walifanya kazi humo akina nani, kwa ujira gani, na wangapi hawakurudi nyumbani? Wazee waliokuwapo wamekwisha kufa. Kilichobaki ni masimulizi ya wajukuu wao, pamoja na karatasi pale zilipo.

Yapo na mambo mazito zaidi. Kati ya mwaka 1946 na 1948 wilaya ya Singida ilishikwa na hofu ya wale walioitwa watu-simba. Watu waliuawa kwa namna ya kuonyesha kwamba wameraruliwa na simba, kesi zikasikilizwa, na habari zikaenea mpaka ng'ambo, zikatiwa chumvi kila zilipopita. Mwaka 1962 Harold Schneider, Mmarekani aliyeishi miongoni mwa Wanyaturu na kuchunguza maisha yao, aliandika katika jarida la Tanganyika Notes and Records akiipima upya habari hiyo. Tunamshukuru. Hata hivyo Mnyaturu wa leo anayetaka kuipima mwenyewe, asome jinsi mashahidi walivyohojiwa na hukumu zilivyotolewa, aanzie wapi? Na vivyo hivyo habari za mila za Wanyaturu zilizoandikwa na von Sick, ofisa wa Kijerumani aliyekaa Singida, zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani wakati wa Vita Kuu ile ya Kwanza. Mjukuu wa watu walioandikwa humo hawezi kuzisoma bila kutafsiriwa.

Liti, yule mama wa Kinyaturu aliyewapinga Wajerumani na ambaye wazee husimulia kwamba aliwapiga kwa nyuki, jina lake leo limo katika uwanja wa mpira wa Singida uliokuwa ukiitwa Namfua. Ni heshima inayomstahili. Lakini uwanja hauelezi kitu. Masimulizi ya wazee husema upande mmoja, na barua za askari waliomwua zingesema upande wa pili, nazo zote mbili zahitaji kijana wa hapa mwenye subira ya kuziweka mezani pamoja.

Si historia peke yake. Yuko mwalimu mstaafu anayefuatilia mafao yake, akaambiwa barua yake ya kwanza ya ajira haionekani. Yuko mjane anayedai shamba alilolima mumewe tangu zama za kuhamia vijijini katika miaka ya 1970, na muhtasari wa mkutano uliomgawia haujulikani uliko. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, imeelekeza kijiji kiwe na masjala yake ya ardhi, na hati za kimila zitunzwe humo. Sheria ni njema, lakini masjala ni kabati na mtu. Kabati bila mtu ni nyumba ya panya. Na mgogoro wa shamba usiokuwa na karatasi huishia kwenye mapanga, kama tulivyokwisha kuona katika sehemu nyingi za nchi hii.

Kazi ya namna hii kwa wanafunzi haikuzuka leo. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda katika nchi zilizopiganwa Vita vya Maji Maji wakakusanya maneno ya wazee waliokuwa bado hai, wakiongozwa na walimu wao, akina Gilbert Gwassa na John Iliffe. Walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu, hawakuwa mabingwa. Lakini waliyoyaandika yangali yanasomwa na kila mwenye kuandika juu ya vita hivyo, maana wazee wale walikufa, na kama vijana wangengoja wapate shahada kwanza, maneno yangezikwa pamoja nao. Twasema jambo hilo kwa kuwa kuna wakubwa wanaoamini kwamba mwanafunzi ofisini ni wa kutumwa chai.

Sasa tuje kwenye pingamizi.

La kwanza ni siri. Watasema: majalada ya Serikali yana mambo ya watu, yana magonjwa yao, adhabu zao na mishahara yao, tutawaachiaje watoto? Hoja hii ni ya haki, wala hatuipuuzi. Lakini ina majibu. Majalada yanayotumika sasa si yale tunayoyasema. Twasema yale yaliyofungwa zamani na kurundikwa stoo. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Namba 3 ya mwaka 2002, ndiyo inayoeleza ni nyaraka zipi zifunguliwe kwa wananchi na baada ya muda gani, na kanuni ya miaka 30 yajulikana na kila mtunza kumbukumbu. Kijana ale kiapo cha kutunza siri kama anavyokula mtumishi mwingine. Asipewe kamwe mamlaka ya kuamua karatasi ipi ichomwe, kwani hilo ni la Idara peke yake. Na tuseme kweli: siri iliyo katika chumba kisichokuwa na orodha wala ufunguo unaojulikana uko kwa nani, hailindwi na mtu yeyote.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, na hili tungependa wakubwa walisikilize vizuri. Wako watakaolifurahia pendekezo letu kwa sababu mbaya. Watasema, kumbe tunaweza kupata watu wa masjala bure, basi haina haja ya kuajiri. Hapo tunakataa kabisa. Kazi ya mwanafunzi iwe ile iliyolala bila mtu, isiwe nafasi ya mtunza kumbukumbu aliyestahili kuajiriwa. Na asifanye bure. Mtoto wa mkulima wa Mkalama aliyepanga chumba mjini, anayenunua unga na maji, hawezi kufanya kazi siku mbili kwa juma kwa kupewa shukrani. Atakayeweza ni yule mwenye baba wa kumlisha, na hivyo nafasi zitawaangukia wenye nafasi. Alipwe nauli, chakula cha mchana na posho ya siku, na posho hiyo iandikwe katika bajeti ya ofisi kabla mwaka haujaanza. Mwaka 2017 Serikali ilitoa mwongozo wa kuwapatia wahitimu uzoefu kazini. Ni jambo zuri, lakini mwongozo ule wamhusu aliyekwisha kumaliza masomo. Huyu wetu angali darasani.

Fedha zitatoka wapi? Hatutaki kudanganya kwamba hazihitajiki. Twasema tu kwamba vijana sita kwa siku mbili kwa juma si mzigo wa kuivunja halmashauri, hasa ukilinganisha na gharama ya kesi moja ya ardhi inayopanda kutoka baraza la kata mpaka Mahakama Kuu kwa kukosa muhtasari wa kurasa mbili.

Wako wanaosema dawa ni mashine: karatasi zote zipigwe picha, ziingizwe katika kompyuta, mambo yaishe. Mashine ije, tunaitaka. Lakini rundo lililovurugika likipigwa picha huwa rundo la picha lililovurugika. Kupanga hutangulia.

Maktaba nayo isisahauliwe. Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa tarehe 9 Desemba 1967, na Bodi ya Huduma za Maktaba ikaendelea kueneza maktaba mikoani. Maktaba ya mkoa si chumba cha kujisomea kwa ajili ya mtihani tu. Ingefaa iwe na rafu ya Singida yenyewe: vitabu vilivyoandikwa juu ya Wanyaturu, Wanyiramba, Wagogo, Wahadzabe na Wakimbu, taarifa za zamani za kilimo na afya, picha, magazeti, nakala za tasnifu zilizoandikwa kwa kuwahoji watu wa hapa na ambazo watu wa hapa hawajapata kuziona. Kuikusanya rafu hiyo ni kazi ya barua nyingi na safari nyingi za miguu, nayo inamfaa sana kijana. Vijana wanaosomea ukutubi Bagamoyo, ambao kwao ni Singida, wangeweza kuifanya wakati wa likizo ndefu.

Tusingependa jambo hili lianze kwa sherehe na mabango. Katibu Tawala wa Mkoa na mkuu wa tawi la Chuo waketi siku moja, wamwite mtu wa Idara ya Kumbukumbu kutoka Dodoma, ambako Idara ina kituo chake cha kumbukumbu, wachague stoo moja tu, iliyo mbaya kupita zote. Wawachague wanafunzi sita, wanawake kwa wanaume. Wawape vitambaa vya kuziba pua, maana vumbi la karatasi kuukuu si la mchezo, wawape daftari, maboksi na taa inayowaka. Awepo mtumishi mmoja wa kuwasimamia ambaye hatahamishwa kabla mwaka haujaisha. Na orodha watakayoiandika itolewe nakala tatu: moja ibaki ofisini, moja iende kwa Idara, na moja iwekwe katika maktaba ya mkoa ambako mwananchi yeyote ataweza kuingia na kuuliza jalada lake liko rafu gani.