Injini Peke Yake Haipandishi Mlima

Mwandishi aliyewashauri waendesha pikipiki wa Asiatique, mtaa wa Bujumbura, watafute kwanza injini kubwa amewapotosha. Barabara ya kwenda Bugarama hupanda kutoka takriban mita 770, usawa wa Ziwa Tanganyika, hadi zaidi ya 2,000. Ukiacha lami na kuingia njia za tope, nguvu hupitia kwenye cheni, sproketi na tairi. Tairi likiwa kipara, injini kubwa huzungusha tope tu. Sproketi ya nyuma yenye meno mengi huongeza nguvu ya kupanda, ingawa mwendo hupungua. Na kushuka je? Hilo hakuligusa kabisa, nalo ndilo linaloua: breki zilizolika, zikibanwa mfululizo, hupata moto na kuacha kushika. Ndugu zangu, nunueni kwanza tairi na breki.