Balagha Juu ya Mimbari: Je, Khatibu Anawajua Anaowahutubia?

 

Wanafunzi wa balagha hulelewa juu ya taarifu ya Al-Khatib Al-Qazwini, aliyefariki mwaka 739 Hijria. Kwa maana yake, balagha ni maneno fasaha kuafikiana na vile hali inavyotaka. Ufasaha peke yake, basi, hautoshi. Mtu aweza kusema Kiarabu kisicho na kosa hata moja la nahau na bado asiwe baligh.

Taarifu hiyo niliihifadhi, nikafaulu mtihani, kisha nikarejea Tunduma na kuivunja Ijumaa ya kwanza niliyopanda mimbari. Nilihutubu kwa dakika 45, saji tupu, nusu yake Kiarabu. Mbele yangu walikaa madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Nakonde, mawakala wa forodha, wauza mahindi na vijana wabadilishao fedha. Baada ya Sala mzee mmoja dereva alinishika mkono akaniambia: “Ustadhi, mashaallah, sauti unayo. Sasa ulikuwa unatukataza nini?”

Katika Sahih Muslim, Ammar bin Yasir (r.a.) amepokea kwamba mtu kurefusha Sala na kufupisha khutba ni alama ya fiqhi yake, na hadithi hiyo hiyo inamalizia kwa kutaja kuwa katika ubainifu wa maneno mna sihri. Maulamaa wamekhitalifiana: je, hiyo ni sifa au ni lawama? Imam Malik, katika Muwatta, ameiweka kauli hiyo ya sihri katika mlango wa maneno yanayochukiza. Mimi naona zote mbili zimo, kwani ulimi uvutao moyo kwenye haki ndio huo huo uwezao kuupofua.

Tazameni khutba ya Al-Hajjaj bin Yusuf mjini Kufa, mwaka 75 Hijria. Wanafunzi wa fasihi ya Kiarabu huisoma hadi leo kama kigezo cha ufasaha, na kwa hakika ni fasaha. Lakini ni vitisho kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu walinyamaza, wakatii. Je, walikinaika? Mwaka 81 wengi wa watu wa Iraki waliinuka pamoja na Ibn Al-Ash'ath kumpinga, na miongoni mwao walikuwamo maulamaa kama Said bin Jubair, ambaye Al-Hajjaj alikuja kumuua mwaka 95. Nasi tunao makhatibu wadhaniao kwamba msikiti ukitulia kimya kwa sababu ya ukali wao, basi ujumbe umefika! Allah (S.W.) aliwaamuru Musa na Harun (a.s.) wamwendee Firauni kwa maneno laini (Taha: 44). Sijui dereva wa lori ana dhambi gani kumzidi Firauni.

Katika pwani yetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) aliifahamu hali ya watu wake. Alikuwa bahari ya elimu za Kiarabu, na lau angetaka angewaandikia wanazuoni wenziwe tu. Bali mjini Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akausemesha umma kwa Kiswahili juu ya mambo yaliyokuwa yakiwasumbua. Wapo wanaodai kuwa huku ni kuishusha elimu. Nao hao husahau kwamba kila Mtume alipelekwa kwa lugha ya kaumu yake (Ibrahim: 4).

Hapa kwetu hali inataka nini? Mpakani shilingi na kwacha hubadilishwa kutwa, na sheria ya sarfu inataka fedha za aina mbili zipokewe mkono kwa mkono, papo hapo, bila kucheleweshwa. Mimi mwenyewe nilipita miaka nikihutubia fadhila za elimu bila kuligusa jambo hilo. Siku nilipoligusa nilitumia dakika 15, kwa Kiswahili cha sokoni. Vijana wawili walibaki baada ya Sala, mmoja ameshatoa shilingi zake, mwenziwe ameahidi kuleta kwacha Jumatatu. Walitaka kujua waivunje vipi biashara hiyo kabla hawajatoka msikitini.