Visima vya Isaka kando ya mto Kaiti

Somo la juma hili lilinikuta nyumbani Makueni, kando ya mto Kaiti, nikiwa na Biblia ya mama magotini. Mama husoma sura moja kila alfajiri kabla ya kuwafungulia kuku, naye hasomi ila kwa Kikamba. (Biblia nzima ya Kikamba ilitoka mwaka wa 1956, lakini mmishonari Krapf, aliyefika Kitui mwaka wa 1849, alichapisha Injili ya Marko kwa lugha hiyo huko Ujerumani mwaka uliofuata, wakati ambapo karibu hapakuwa na Mkamba wa kuisoma.) Siku hiyo macho yalikuwa yakimsumbua, akaniambia nimsomee.

Ilikuwa Mwanzo 26. Je, unaikumbuka? Isaka anafukua visima vya baba yake Ibrahimu ambavyo Wafilisti wamevijaza udongo. Watumishi wake wanachimba kingine, wachungaji wa Gerari wanakigombania. Wanachimba tena, ugomvi tena. Anahama, kinachimbwa cha tatu, hapo anaachwa kwa amani, anakiita Rehobothi.

Kisima kwa Kikamba ni kithima. Kwetu mara nyingi ni shimo tu katika mchanga wa mto uliokauka, limezungushiwa miiba ili mbuzi wasiingie. Mvua ikikatika, juu huoni tone, lakini maji yamejificha chini ya mchanga ambako jua haliyafikii. Akina mama wa Kitui, ng'ambo ya mto Athi, nao huchimba vivyo hivyo. Aliyekulia huku hahitaji mhubiri amweleze kwa nini watu wazima wapigane kwa ajili ya shimo.

Nilisoma kwa majivuno kidogo, nakiri. Nilikuwa nikimfikiria ndugu yangu mkubwa. Kwa miaka mingi alipakia mchanga wa mto wetu kwenye malori ya kwenda Nairobi, kabla ya Kaunti ya Makueni kupitisha sheria ya mchanga mwaka wa 2015. Mchanga ulipokwisha ukabaki mwamba mtupu, maji ya mvua yakawa yanapita mbio bila kuacha kitu, na kithima cha mama kikafa. Sasa hununua maji kwa mtungi. Siku tuliyomzika baba nilimwambia ndugu yangu, mbele ya watu, kwamba alimuuzia mama kiu. Tangu hapo hatusalimiani.

"Wafilisti hawa!" nikasema nilipofika mstari wa 15.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na karo yako ya chuo ilitoka wapi?"

Stashahada yangu ya uandishi wa habari imetundikwa ukutani sebuleni. Nakumbuka noti alizoniletea ndugu yangu kila muhula, zimekunjwa na zina chembe za mchanga. Nilizihesabu mara mbili. Sikuuliza chochote.

Wengi wetu tunaofuata masomo ya kila siku tuna mazoea hayo ya kutafuta jina la jirani kwenye ukurasa. Nikaisoma sura upya, polepole, bila sauti. Safari hii nilikwama pale mwishoni ambapo sikuwahi kutulia. Abimeleki, mfalme yule yule aliyemfukuza Isaka, anakuja kumtembelea. Isaka hajifanyi mtakatifu. Anamuuliza waziwazi amefuata nini kwa mtu anayemchukia. Halafu anamwandalia karamu. Asubuhi wanaapiana, wageni wanaondoka, na siku hiyo hiyo watumishi wanakuja na habari kwamba wamepata maji. Mimi ningetaka maji yaonekane kwanza, chakula baadaye.

Saa tatu nilimpigia ndugu yangu simu. Hakuipokea. Nikapiga tena saa sita, akaipokea, akasema tu, "Mama mgonjwa?" Nikamwambia hapana, na kwamba nitakuwa nyumbani hadi Jumapili jioni. Alikaa kimya, kisha akasema ataona.

Niliporudi jikoni nilimkuta mama amekwisha kuloweka muthokoi na maharagwe. Yalikuwa ya watu watatu.